Picha Moja, Uzito Mbalimbali

(Yafuatayo ni mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa makatibu na watunza hazina wa kamati za miradi za sharika, katika semina ya uandishi wa ripoti. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)





Nimepewa saa moja kabla ya chai. Ratiba inasema nitazungumzia matumizi ya picha katika ripoti za miradi. Najua wengi wenu mlipoisoma mlidhani nitawafundisha namna ya kupiga picha: jua liwe nyuma yako, usikate vichwa vya watu. Hayo mnayaweza. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kisichoonekana kwenye picha yenyewe, nacho ni uzito wake. Kwa nini picha ya tangi lile lile, ikihifadhiwa hivi inakuwa megabaiti nne, ikihifadhiwa vile inakuwa thelathini na sita, na ikipita kwenye kompyuta ya mwenzako inarudi na uzito mwingine kabisa? Mtasema hilo ni swali la mafundi wa kompyuta. Basi niwaeleze kwanza kwa nini nimelileta mbele ya watunza hazina.

Mwaka 2011 nilikuwa bado mgeni katika ofisi ya miradi. Usharika wetu mmoja wa milimani ulikuwa unajenga tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye zahanati yake. Fedha zilikuwa zinakuja kwa awamu mbili, na awamu ya pili ilitegemea ripoti yenye picha za msingi na kuta, ifike kwa mfadhili kabla robo ya mwaka haijafungwa. Kamati ilifanya kazi yake vizuri mno. Katibu alishuka kwa basi na kamera ya dayosisi, tukachagua picha sita, nikaziweka kwenye ripoti, ikawa na uzito wa megabaiti kama saba. Ilikuwa tayari kwenda. Lakini kompyuta ambayo mkuu wangu angeisomea na kuitia maneno yake ya utangulizi ilikuwa na toleo la zamani la programu ya kuandikia, na ikakataa kulifungua faili la toleo jipya. Basi mimi, nikijiona mjuzi, nikalihifadhi upya kwa fomati ya RTF, kwa kuwa chuoni nilifundishwa kwamba RTF husomeka kila mahali. Ni kweli husomeka. Ila faili lilitoka na zaidi ya megabaiti mia moja.

Sikuangalia uzito. Barua pepe ikakataa, nikasema ni mtandao. Nikajaribu siku tatu, na kila siku nikasema ni mtandao. Mwisho tukachoma CD, tukaipeleka Dar es Salaam kwa basi ili itumwe ng'ambo kwa posta. Ilifika baada ya robo kufungwa, na fedha zikasogezwa hadi robo iliyofuata. Fundi hakuweza kungoja, akaenda kushika kazi nyingine. Masika yakaja, yakaondoka, na tangi lilikuwa na kuta lakini halina kifuniko wala mabomba ya kuleta maji kutoka paani. Kwa miezi yote ile mama aliyekuja kujifungua pale alikuja na ndoo yake ya maji, au ndugu yake alishuka bondeni kuyachota. Kamati iliamini kwamba mfadhili amewasahau. Mimi sikuwaambia ukweli hadi miaka mingi baadaye, kwa sababu nami sikuwa naujua. Nilikuja kuuelewa nilipoamua kujifunza jambo hili ninalowaletea leo.

Tuanze na hesabu. Picha kwenye kompyuta ni kama mkeka uliofumwa kwa vipande vidogo vidogo vya rangi. Kila kipande kinaitwa pikseli. Simu nyingi tulizo nazo mifukoni hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12. Kwa kila pikseli kompyuta inaandika namba tatu: kiasi cha wekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha bluu. Kila namba inachukua baiti moja. Mtunza hazina yeyote hapa anaweza kumalizia: milioni 12 mara tatu ni baiti milioni 36. Huo ndio uzito wa picha kabla haijafungashwa. Fomati ya BMP, ambayo programu ya kuchorea ya Windows za miaka ya 1990 iliitumia usipoiambia vinginevyo, kwa kawaida huandika hivyo hivyo: baiti 54 za utangulizi, kisha baiti 36,000,000 za rangi. Kwa BMP ya namna hiyo picha ya ukuta mtupu ina uzito sawasawa na picha ya mkutano mkuu wa Dayosisi.

Fomati nyingine zilibuniwa, pamoja na mambo mengine, ili kuukwepa uzito huo, na njia zao kubwa ni mbili. Njia ya kwanza naiita kukunja. Ukifunga sanduku la safari unakunja nguo, hupotezi hata leso; ukifika unazikunjua, zote zipo. Hivyo ndivyo inavyofanya PNG, iliyotolewa mwaka 1996. Kompyuta inatafuta yanayojirudia, na badala ya kuandika nyeupe, nyeupe, nyeupe mara mia tano, inaandika kwa ufupi kwamba nyeupe inaendelea mara 500. Ukifungua unapata kila pikseli kama ilivyokuwa. GIF ya mwaka 1987 nayo hukunja, lakini fremu yake moja hutumia rangi zisizozidi 256. Kwa nembo ya kanisa zinatosha na kubaki. Kwa uso wa mtu utaona mabaka.

Njia ya pili ni kukoboa. Mnaijua tofauti ya dona na sembe. Mahindi yakikobolewa yanakuwa mepesi na meupe, lakini pumba zikishatoka hazirudi. JPEG, ambayo kiwango chake kilikubaliwa mwaka 1992, inakoboa. Wataalamu walitambua kwamba jicho la mwanadamu ni jepesi kuona tofauti za mwanga na giza, ila si hodari hivyo kwa tofauti ndogo ndogo za rangi. Kwa hiyo JPEG hutenganisha mwanga na rangi, na mara nyingi rangi inapunguzwa hadi kubaki na robo tu ya vipimo vyake. Kisha picha inagawanywa katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kila kigae kinapimwa: ni kiasi gani cha mabadiliko ya taratibu kama anga, na ni kiasi gani cha mabadiliko ya haraka haraka kama majani. Hesabu inayotumika hapo ilipendekezwa na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefundisha Marekani, naye na wenzake wawili waliichapisha mwaka 1974, karibu miaka ishirini kabla ya JPEG. Baada ya kupima, namba zinasawazishwa kwa ukali, kama mtunza hazina anayeondoa senti na kubakiza maelfu kamili ya shilingi. Yale madogo madogo yanakuwa sifuri. Sifuri zikiwa nyingi zinakunjika vizuri sana, na picha ya baiti milioni 36 inatoka na megabaiti tatu, nne au tano.

Hapo ndipo linapojibiwa swali ambalo katibu mmoja aliniuliza asubuhi: mbona picha mbili za simu ile ile, pikseli zile zile, moja ina megabaiti mbili na nyingine sita? Ni kwa sababu JPEG inalipa kadiri ya kilichomo. Picha ya kwaya ya akina mama waliovaa vitenge mbele ya shamba la migomba itakuwa nzito kuliko picha ya Baba Askofu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Haihusiani na cheo. (Kicheko.)

Na kwa kuwa inakoboa, kila mnapofungua JPEG, mkaigusa na kuihifadhi tena, mara nyingi inakobolewa upya. Katibu anampelekea mchungaji, mchungaji anaikata pembeni na kuhifadhi, ofisi ya jimbo inaongeza maandishi na kuhifadhi, na mimi ninaipokea ikiwa imeparuzika kama bati la miaka thelathini. Wapo walioambiwa kwamba dawa yake ni kuigeuza JPEG kuwa PNG. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na kutia sembe kwenye gunia lililoandikwa dona. Uzito utapanda mara kadhaa, kwa maana PNG inalazimika kuhifadhi kwa uaminifu hata yale madoa yaliyoachwa na JPEG, na hakuna hata punje moja iliyorudi.

Sasa nije kwenye matoleo ya programu, kwa sababu hapo ndipo nilipoangukia.

Mtu akikuandikia "hifadhi kwa ubora wa 80", ujue kwamba namba hiyo si kipimo kama kilo au mita. Kiwango cha JPEG kinaeleza jinsi faili linavyosomwa, lakini hakisemi 80 ni nini. Kila mtengenezaji wa programu amejipangia ngazi zake. Wengi wanatumia 1 hadi 100, Photoshop kwa miaka mingi imekuwa na 0 hadi 12, na programu nyingine ina maneno tu: ndogo, wastani, kubwa. Themanini ya programu moja inaweza kutoa faili lenye uzito mara mbili ya themanini ya programu nyingine, na toleo jipya linaweza kubadilisha ngazi hizo bila kukutangazia. PNG nayo hutofautiana, ila kwa sababu nyingine isiyo na madhara: programu moja inahangaika zaidi kutafuta namna nzuri ya kukunja. Ni kama utingo wawili wanaopakia mizigo ile ile juu ya keria la basi. Mmoja anaipanga ikaenea, mwingine anaitupa tu na nusu inabaki chini. Ukipata PNG mbili za uzito tofauti kutoka picha moja, usidhani moja imeharibika. Huenda kila pikseli iko sawa.

RTF ilifanya nini? RTF ni fomati ya maandishi matupu. Haiweki baiti za picha kama zilivyo. Kwa kawaida inaandika kila baiti kwa herufi mbili. Hapo tu uzito umezidi mara mbili. Zaidi ya hayo, programu za kuandikia za siku zile, zilipohifadhi RTF, ziliweka kila picha mara mbili: mara moja katika JPEG yake ya asili, na mara ya pili katika fomati ya zamani ya WMF isiyobanwa, ili programu kongwe nazo ziweze kuionyesha. Nia ilikuwa njema. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Kamera yetu ilikuwa ya pikseli 2048 kwa 1536, jumla 3,145,728. Mara tatu ni baiti 9,437,184. Kwa herufi mbili mbili ni 18,874,368. Kwa picha sita ni 113,246,208. Hapo bado zile JPEG za asili, nazo zimeongezeka mara mbili. Ndizo megabaiti zangu mia na ushee. Faili la awali la fomati mpya, ile iliyokuja na matoleo ya mwaka 2007, lilikuwa ni mfuko wa zip ulioziacha JPEG kama zilivyo, na ndiyo maana lilikuwa saba tu.

Ningaligeuza ripoti ile kuwa PDF, tangi lingekamilika kabla ya masika.

Kuna mengine madogo ya matoleo nitayapitia haraka. Windows inahesabu megabaiti kwa 1,048,576, na kompyuta za Apple tangu mwaka 2009 zinahesabu kwa 1,000,000 kamili. Kwa hiyo BMP yetu ya baiti milioni 36 itasomeka 34.3 huku na 36 kule, na hakuna aliyeiba. Simu za iPhone tangu mwaka 2017 zinaweza kuhifadhi picha kwa fomati ya HEIC, ambayo kwa picha nyingi ni karibu nusu ya uzito wa JPEG, lakini kompyuta nyingi za sharika zetu haziwezi kuifungua. Wageni wetu mnaotembelea miradi na kutuachia picha kwenye flashi, tafadhali zigeuzeni kuwa JPEG kabla ya kuondoka. Tunazo picha za ubatizo mzima ambazo tulingoja mwaka mmoja ndipo tukaziona.

Nakuja kwenye stakabadhi. Hapa watunza hazina naomba tuwe pamoja.

Karatasi ya A4 ikipitishwa kwenye skana kwa nukta 300 kwa inchi inatoa pikseli 2480 kwa 3508. Ukichagua rangi, kabla ya kubanwa ni baiti milioni 26 na zaidi kidogo. Ukichagua kijivu, ni milioni 8.7. Ukichagua nyeusi na nyeupe tupu, ambapo kila pikseli ni ndiyo au hapana, ni kama milioni 1.09. Unaona jaribu lilipo. Mtunza hazina mwenye stakabadhi 60 na bando linaloisha atachagua nyeusi na nyeupe, na kwa hati iliyochapwa kwa wino mzito sina ugomvi naye. Lakini risiti zetu za mashine za EFD zimechapwa kwenye karatasi ya joto, zinafifia. Nyeusi na nyeupe ikikutana na maandishi yaliyofifia inayafuta kabisa, na muhuri wa bluu wa muuzaji unaweza kutoweka au ukageuka doa jeusi juu ya tarakimu. Chagueni kijivu. JPEG nayo ikibana sana huacha vumbi vumbi pembeni mwa herufi, kwa sababu ncha kali ya herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni yale mabadiliko ya haraka ambayo JPEG hupenda kuyakoboa. Uso wa mtu unastahimili, lakini 3 na 8 zilizoandikwa kwa mkono hazistahimili.

Nina kisa kimoja ambacho kila mkaguzi wa hesabu angepaswa kukijua. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aliletewa mchoro wa nyumba uliopitishwa kwenye mashine ya Xerox. Chumba kilichokuwa na mita za mraba 21.11 kwenye mchoro wa asili, kwenye nakala kilisomeka 14.13. Tarakimu hazikufifia wala kuchafuka. Zilikuwa safi, zinasomeka vizuri, nazo ni za uongo. Chanzo kilikuwa ni njia ya kubana iitwayo JBIG2. Njia hiyo inaweza kutafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa, ikahifadhi kimoja na kukirudia palipo na vingine. Ikiamua kwamba kipande hiki kinafanana na kile kumbe ni tofauti, inabandika kisicho chake. Kriesel alionyesha pia tarakimu 6 zilizogeuka kuwa 8. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu za mashine zake mwaka huo huo. Sisemi mtupe skana zenu. Nasema kwamba stakabadhi ya karatasi inabaki kwenye jalada la usharika hata baada ya kuipitisha kwenye skana, na anayetuma anasoma jumla kutoka kwenye karatasi, halafu anailinganisha na iliyo kwenye kioo.

Kuna jambo la mwisho ambalo nimekuwa nikisita kulisema hadharani, lakini nimepata ruhusa ya kamati husika mradi nisiwataje. Nilipokea ripoti ya kituo kimoja kinachohudumia watoto. Ndani yake kulikuwa na picha ya binti, na kamati kwa hekima walikuwa wameikata ili uso usionekane, maana shauri lake lilikuwa bado mahakamani. Iliyobaki ilikuwa mikono yake na cherehani, kipicha kidogo cha ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Kilichonishtua ni uzito. Ripoti ya kurasa mbili, kipicha kimoja, megabaiti tano? Nikakibonyeza, nikashika ukingo wa mkato, nikauvuta. Uso wote ukarudi.

Programu za kuandikia mnapokata picha ndani ya ripoti mara nyingi hazikitupi kipande kilichokatwa. Zinakificha tu, ili ukibadili mawazo ukirudishe. Kinaendelea kukaa ndani ya faili, na yeyote atakayepokea faili anaweza kukifunua. Kipo kitufe cha kubana picha chenye chaguo la kufuta maeneo yaliyokatwa. Ukikitumia, kipande kinatoka na uzito unashuka. Njia ya uhakika zaidi ni kuikata picha katika programu ya picha, kuihifadhi kama faili jipya, na kuingiza hilo jipya kwenye ripoti. Ripoti ile ilikuwa haijatoka mlangoni kwangu. Ingekuwa imekwenda kwa watu kumi na wanne siku iliyofuata. Na kwa habari hiyo hiyo, simu nyingi, zikiruhusiwa kujua mahali zilipo, huandika ndani ya JPEG mahali picha ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani. Kwa picha ya tangi hilo ni jambo jema, wafadhili wanalipenda. Kwa nyumba ya watoto lizimeni kabla ya kupiga.

Sasa njia ya kutuma. Barua pepe ilibuniwa kwa ajili ya herufi, hivyo kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na kila baiti tatu zinakuwa nne. Picha za megabaiti 20 zinasafiri zikiwa karibu 27. Gmail inakubali 25, na masanduku mengine ya wafadhili wetu yanakubali 10 tu. Hapa nageuka kidogo kwa wageni. Mnatuandikia mkitaka picha "za ubora wa juu", nasi tukizituma zinarudi kwa kuwa sanduku lenu limejaa, na anayeonekana mzembe ni katibu wa usharika. Tuambieni pikseli ngapi, na kwa kazi gani. Picha ya kuchapwa A4 nzima inahitaji zile 2480 kwa 3508. Ya kusomwa kwenye kioo inatosheka na pikseli 1600 upande mrefu.

WhatsApp inawasaidia wengi, nami sipingi, ila ujue inapunguza pikseli na kukoboa upya, mara nyingi hadi kama 1600 upande mrefu. Kwa ripoti ya kawaida inatosha. Kwa kalenda ya Dayosisi haitoshi: pikseli 1600 kwa nukta 300 ni inchi tano na kidogo, na mkiivuta hadi ukubwa wa bango mtamwona Mkuu wa Jimbo akiwa na vigae usoni. Mkitaka picha ifike kama ilivyo, itumeni kama hati, si kama picha.

Kuanzia robo hii ofisi yangu inaomba hivi. Picha ya asili kutoka kwenye simu au kamera msiiguse, inakaa kwenye flashi ya kamati na nakala yake kwenye ofisi ya jimbo. Kwa ripoti tengenezeni nakala ya JPEG ya pikseli 1600, ambayo mara nyingi haitafika hata megabaiti moja. Ripoti ije kwa PDF, picha zisizidi nane. Kabla ya kubonyeza tuma, angalieni uzito wa faili zima, na ukizidi megabaiti saba nipigieni simu kwanza, hata iwe jioni. Mzee mmoja ameniuliza kama kamati isiyo na kompyuta imetengwa. Hapana. Leteni simu yenyewe ofisini, tutafanya pamoja.

Skana tumeiweka chumba cha pili, karibu na jiko. Baada ya chai tutaanza na wale wenye risiti za EFD za tangu mwaka jana, kabla hazijafifia zaidi.